Choreni barabara sasa, wakati pale bado ni muhogo: barua ya wazi kwa wakuu wa mji wetu

Waheshimiwa meya, makaunsela, town klaki, injinia wa mji, afisa wa mipango, na nyinyi wazee wa bodi ya ardhi ya wilaya,

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mwananchi wa kawaida, nina duka la hadiwea karibu na stendi ya zamani, nauza bati, simenti, nondo, misumari na rangi, na huu ni mwaka wa kumi na tisa niko hapo hapo. Jina la mji sitaandika, wenyewe mtajijua, na sitaki mtu aseme nimekuja kuaibisha ofisi fulani, maana haya nitakayosema mtu wa Koboko, wa Nebbi, wa Yumbe, wa Paidha, hata wa kule Kitgum au Busia akisoma ataona kama nimeandika juu ya kwao. Sisi tuko West Nile, wao wako kwingine, lakini Uganda ni hii moja, shida zetu zinafanana.

Niwaambie kwanza kitu ambacho pengine hamkijui. Mji huu ukikua, mimi najua kabla yenu. Mtu akitaka kujenga haanzii ofisini kwenu, anaanzia kwangu, ananunua waya wa kufungia, kilo mbili za misumari, mifuko kumi ya simenti, halafu kijana wangu wa pikapu anamuuliza mzigo unaenda wapi, na mimi naandika kwenye kitabu. Hicho kitabu niko nacho, na vya nyuma pia ninavyo. Miaka kumi iliyopita mizigo mingi ilikuwa inaishia nyuma ya msikiti na pale shule ya msingi. Baadaye ikaanza kuvuka kijito. Mwaka juzi ikapanda kule kwenye mikalitusi, na sasa tangu mwezi wa pili inaenda mpaka kwenye yale mashamba ya muhogo nyuma ya misheni, ambako zamani tulikuwa tunasema ni kijijini kabisa. Mkija dukani nitawafungulia kurasa mzione, mtaona mji unavyotembea nyumba kwa nyumba, na hakuna hata ukurasa mmoja ambapo barabara ilitangulia nyumba.

Na sio hapa tu. Sensa ya 2014 ilisema Waganda tulikuwa milioni 34.6, ile ya 2024 ikasema milioni 45.9, yaani miaka kumi tu tumeongezeka watu milioni 11, na hao watoto wakishakua hawatabaki wote kijijini kulima tumbaku, wengi watakuja mjini na watalala mahali. Arua hapo jirani ilikuwa manispaa ya watu kama 62,000 mwaka 2014, halafu tarehe 1 Julai 2020 ikaitwa siti, yaani jiji, pamoja na Gulu, Mbale, Mbarara, Jinja na wengine. Vijana wetu hapa wanaomba na sisi tupandishwe cheo. Sawa, cheo ni kizuri, lakini mpaka ukishapanuliwa kwenye karatasi vijiji vyote vya pembeni vinaingia mjini siku moja, na mabroka wa ardhi wanaamka asubuhi ile ile.

Sasa nije kwenye jambo langu. Siombi lami. Najua lami ni pesa nyingi na najua pesa hamna, makaunsela wananiambia kila siku. Ninachoomba ni mistari. Naomba mshuke na tepu, na vigingi, na mawe ya mpaka, muweke barabara kwenye ardhi sasa hivi, hata kama hiyo barabara itabaki nyasi miaka ishirini, hata kama watu watalima maharage juu yake kwa sasa, ili mradi kila mtu ajue hapa haijengwi nyumba. Samaki mkunje angali mbichi.

Ngoja niwaonyeshe njia moja mjue nazungumza nini. Ni ile inayotoka nyuma ya duka langu kwenda kwa mafundi wa baiskeli. Nilipofungua duka ilikuwa hatua tisa, nakumbuka vizuri kwa sababu lori la mchanga lilikuwa linapita na mbuzi wamelala pembeni hawashtuki. Wiki iliyopita nimechukua tepu ya dukani nikaenda kupima mwenyewe. Mwanzoni ni mita 3 na nusu, katikati mita 2, na pale kwenye choo cha shimo cha mama mmoja ni mita 1 na sentimita 40. Nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Na hakuna mtu aliyeiba barabara ile, jamani, hilo ndilo nataka mlielewe vizuri, hakuna mtu mbaya pale. Mmoja alisogeza seng'enge kidogo kwa sababu ng'ombe walikuwa wanakula mboga zake. Mwingine akajenga choo kwa sababu afisa wa afya alimwambia asipochimba choo atapigwa faini, na uwani hakukuwa na nafasi. Wa tatu akajenga ukuta kufuata choo cha jirani ili mstari unyooke. Kila mmoja alichukua kidogo na kila mmoja alikuwa na sababu, na kwa kuwa hapakuwa na jiwe hata moja la kuonyesha njia inaishia wapi, nani angemwambia mwenzake amekosea?

Na mimi nimo. Veranda ya duka langu imeingia barabarani, nimeshaipima pia, ni sentimita 80. Niliijenga mwaka wa nne ili wateja wasinyeshewe. Naandika hivi wazi kwa jina la duka langu mnalolijua, mkija na mstari wa kweli nitaivunja mwenyewe kwa nyundo yangu, ila mstari uwe wa wote, usiwe wa duka langu peke yake.

Sasa usiku mmoja, mvua za mwezi wa tano, binti wa jirani yangu akashikwa na uchungu. Tukapiga simu ambulensi ikaja, kweli ilikuja, dreva hakuchelewa, lakini ikasimama kule barabara kubwa kwa sababu hakuna mahali pa kupita, na kutoka pale mpaka nyumbani kwao ni kama hatua mia tatu za tope na giza. Boda moja ikajaribu ikateleza. Mama yake akaja kugonga kwangu, nikafungua duka saa nane za usiku, nikatoa wilibaro mpya, tukaweka godoro na mwavuli juu, vijana wawili wakasukuma na mimi mbele na tochi. Pale kwenye choo cha mita 1 na sentimita 40 wilibaro ilipita lakini mikono ya vijana ikakwaruza ukuta mpaka damu. Mtoto alizaliwa hapo hapo kabla hatujafika kwenye ambulensi, juu ya godoro, mvua inanyesha. Wako hai wote wawili, namshukuru Mungu, yule mtoto sasa anatembea anakuja dukani kuomba biskuti. Lakini toka siku ile kila nikiuza mfuko wa simenti unaoenda kule mashambani nyuma ya misheni najiuliza, huyu anayejenga leo, je mke wake atapita wapi?

Mtasema plani ipo. Najua ipo, niliiona, iko ukutani, ina rangi nzuri, njano ni makazi, zambarau ni viwanda, kijani ni bustani, na barabara ni mistari mieupe inanyooka kabisa. Na sheria pia ipo, ile ya mipango ya ardhi ya 2010 ilishasema Uganda nzima ni eneo la kupangwa, kila kijiji, sio mjini tu. Lakini waheshimiwa, ramani inakaa ofisini na broka anakaa shambani. Yeye anakuja na kamba ya katani, anakata eka moja vipande vinane vya futi hamsini kwa mia, anaacha kinjia cha kupita mtu na baiskeli, wanaandikiana agrimenti mbele ya mwenyekiti wa LC1, yule wa baraza la kijiji, mashahidi wanasaini, soda inanyweka, basi, hiyo ndio plani ya mji. Ile yenu ya ukutani mnunuzi hajawahi kuiona na hajui kama chumba chake cha kulala kiko katikati ya mstari mweupe. Siku mnakuja na rangi nyekundu kuandika X kwenye ukuta wake, tayari ana watoto wanne, deni la sako ya akiba na mikopo, na kaburi la baba yake uwani.

Mnaweza kusema eti watu wetu hawapangiki. Hapo mimi nakataa, na nina ushahidi wa hapa hapa kwetu. Mwezi wa nane mwaka 2016 pale Yumbe, Bidibidi ilikuwa pori. Wenzetu wa South Sudan wakaanza kuvuka, maelfu kwa siku, wamebeba watoto na masufuria, na kabla mwaka haujaisha walikuwa zaidi ya 200,000, wengi kuliko watu wa miji mingi ya nchi hii. Wenyeji wa pale walikubali ardhi yao itumike. Greda likafungua njia, viwanja vikapimwa, wakagawa zoni 5, kila zoni na vijiji vyake, wakatenga mahali pa shule, pa bomba la maji, pa kliniki. Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri, shida zilikuwepo na bado zipo, kuni, maji, ardhi ya kulima, lakini ukienda leo gari linafika. Mimi mwenyewe nimepeleka bati kule mara nyingi na pikapu yangu haijawahi kushindwa kuingia kijijini, wakati hapa nyumbani kwetu inashindwa kufika umbali wa mita mia tatu kutoka dukani! Kama kwa watu waliokimbia vita tuliweza kuchora kwanza halafu wakaingia, tena kwa haraka ile, kwa nini kwa watoto wetu wenyewe ambao tunajua kabisa wanakuja tushindwe?

Nimejaribu kupiga hesabu, nisahihisheni kama nimekosea. Chukueni kipande cha kilomita moja kwa kilomita moja, hiyo ni hekta 100, eka kama 247. Mkiweka barabara kubwa ya upana wa mita 20 kila baada ya kilomita moja, za kwenda na za kukatiza, kila kipande kama hicho kinatoa hekta 4 tu. Sehemu nne kwa mia! Zikibaki 96 za kujenga, kulima, kuzika, chochote. Mita 20 ni upana wa kutosha magari mawili, mitaro pande zote mbili, watu wa miguu, nguzo za umeme na bomba la maji, na mabasi yakija siku moja yatapita. Hizo kubwa ndio muhimu kuliko zote, kwa sababu njia ndogo za katikati watu wanaweza kuelewana wenyewe kwa wenyewe, lakini barabara kubwa ndefu hakuna familia moja inayoweza kuiacha peke yake, inapita kwa watu hamsini, hiyo ni kazi ya serikali na haiwezi kuwa ya mtu mwingine.

Lakini hapa kuna ukweli mgumu na sitaki kuuruka. Hizo hekta 4 hazitoki kwa watu wote sawasawa. Mzee mmoja mstari unampita katikati, anabaki na vipande viwili vya ajabu, na jirani yake mstari unapita pembeni tu, yeye hapotezi hata mti, halafu shamba lake linageuka kuwa la barabarani na bei inapanda. Huyu wa kwanza akikataa sio kwamba ni mkaidi. Katiba yetu kifungu cha 26 kinasema mtu hanyang'anywi mali yake bila kulipwa fidia ya haki, na kulipwa kabla, sio baadaye. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ililirudia hilo kwenye kesi ya watu wa barabara ya Hoima kwenda Kaiso-Tonya, ikasema serikali haiwezi kuchukua kwanza ndio ilipe. Kwa hiyo msije usiku na greda. Njooni mchana na mkae.

Na kukaa ndio kitu kikubwa. Ardhi yetu hapa nyingi ni ya ukoo, taitoli, yaani hati, hakuna, lakini wenyewe wanajulikana mpaka ule mwembe mpaka kile kichuguu. Iteni ukoo wote, sio yule kijana mmoja anayejua Kiingereza na ana namba ya broka. Waambieni ukweli, kwamba mstari unapita hapa, na nyinyi koo mkikubali kusogezeana mipaka, kila mmoja atoe kidogo badala ya mmoja kutoa yote, basi wote mtabaki na viwanja vinavyofikika. Ploti yenye njia ya gari na ploti isiyo na njia bei zake hazifanani hata kidogo, hilo kila bibi anayeuza karanga sokoni analijua. Pale ambapo mtu anapoteza kweli, nyumba au miti ya tiki au kahawa, mlipe, bodi ya ardhi ya wilaya iko na orodha ya bei za fidia, na sasa hivi mnalipa muhogo. Mkingoja miaka kumi mtalipa ghorofa. Kampala walijenga Northern Bypass, kilomita 21, ikafunguliwa 2009 sehemu kubwa ikiwa njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, haikupita miaka mingi ikabidi ipanuliwe tena, wakati huo pembeni kumeshajaa, mnajua wenyewe foleni na miaka iliyoenda pale. Ule ni mji mkuu wenye pesa. Sisi tutapanua na nini?

Kuhusu makaburi. Mnisikilize vizuri hapa kwa sababu ndipo mipango mingi itavunjikia. Kwetu mtu anazikwa nyumbani. Injinia kijana kutoka mbali anaona kwenye kompyuta mstari umenyooka vizuri, hajui kwamba anapita juu ya babu wa watu sitini. Nilishuhudia mara moja, wapimaji walipiga kigingi cha chuma futi mbili kutoka kwenye kaburi lililojengewa, hawakuwa na nia mbaya hata kidogo, nyasi zilikuwa ndefu, lakini kufikia jioni vigingi vyote, vyote kabisa hata vile vya mbali, vilikuwa vimeng'olewa na kutupwa kisimani, na ile kazi haijaendelea mpaka leo. Kwa hiyo kabla ya mashine kuna kutembea. Mtembee na wazee, na akina mama pia, maana wao wanajua makaburi ya watoto wachanga ambayo hayana alama. Mstari ukipinda mita kumi kukwepa kaburi barabara haifi. Ikibidi kuhamisha, ni maneno ya ukoo, na kondoo, na muda, na mnaweka kwenye bajeti kama mnavyoweka kalavati.

Na kijito. Nimesema mizigo yangu ilianza kuvuka kijito, sasa mingine haivuki, inabaki pale pale kwenye mafunjo. Sheria ya mazingira inataka mita 30 kutoka ukingo wa mto mdogo zibaki wazi, mita 100 kwa ile mikubwa. Mimi nimeuza simenti ya nyumba ambayo ukikaa dirishani unaweza kunawa mikono mtoni. Niliuza, ndio, na sikulala vizuri. Mbale mwisho wa mwezi wa saba 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku mmoja, watu zaidi ya 20 walikufa, na Mbale ni mji uliopangwa zamani, ulikuwa unasifiwa kwa usafi. Ukingo wa kijito chetu ungetufaa sana kama njia ya watu wa miguu na baiskeli, na watoto kuchezea wakati wa kiangazi, maana uwanja wa mpira nao umeshaanza kumegwa upande wa goli la kusini. Wekeni mawe pale kwanza, kabla ya kwingine kokote, kwa sababu mto hausubiri kikao cha baraza.

Takataka pia. Kiteezi, kwenye jaa la Kampala, tarehe 10 mwezi wa nane 2024 lundo la taka lilibomoka likafukia watu na nyumba zao, wakafa zaidi ya 30. Lile jaa lilianza 1996, na nyumba zikalifuata kidogo kidogo mpaka zikafika chini yake. Jaa letu bado ni dogo na nyumba ya kwanza iko mbali kiasi, leo. Tengeni eneo lake na uzio wake na muandike wazi hapa hapajengwi, halafu msiuze.

Malori sitasema sana, kila mtu anayaona, yanayoenda Kongo na yanayoenda Juba yanalala katikati ya mji, dreva anapika ugali chini ya treila mbele ya shule ya nasari. Wanahitaji paki yao nje ya mji, na maji na choo. Ila nikumbushe kitu kimoja, 2024 daraja la Karuma kwenye mto Nile lilipofungwa kwa matengenezo tulihisi wote hapa West Nile maana yake kuwa na njia moja tu, bei ya simenti dukani kwangu ilibadilika wiki ile ile. Mji pia ni hivyo. Sasa hivi kutoka upande wa hospitali kwenda upande wa soko kuna barabara moja na daraja moja, siku lori likianguka pale darajani mji unakatika vipande viwili. Ndio maana nasema za kwenda na za kukatiza, sio moja nzuri yenye taa.

Ninachoomba basi ni hiki, na naomba kijadiliwe kwenye kikao kijacho cha baraza. Kwanza ile ramani ya ukutani itolewe nakala kubwa, ibandikwe sokoni, msikitini, kanisani, na kwa kila mwenyekiti wa LC1, iandikwe kwa Kiswahili na Kilugbara na lugha nyingine za hapa, watu waione na wabishane nayo. LC1 asiweke muhuri kwenye agrimenti ya ploti mpaka muuzaji aonyeshe njia ya gari ya kufika pale. Anayeweka muhuri bila kuangalia, aulizwe. Halafu mistari mikubwa, hata minne tu mwaka huu, iwekwe ardhini kwa mawe, na kati ya jiwe na jiwe pandeni miti pande zote mbili, miembe au mitiki, kwa sababu jiwe linang'oka usiku lakini mistari miwili ya miti imenyooka kilomita nzima kila mtu anaiona, na hakuna mtoto atakayekua bila kujua pale katikati ni barabara.

Mtauliza pesa iko wapi. Mawe, simenti na rangi ya kuandikia namba, nimepiga hesabu ya mstari mmoja wa kilomita mbili wenye jiwe kila mita hamsini pande zote mbili, ni mawe 82, na simenti yake natoa mimi. Sio mkopo. Wenzangu wawili wa hadiwea nimeshaongea nao, mmoja atatoa nondo, mwingine atatoa gari la kubeba mchanga. Mafundi wa baiskeli wa ile njia ya nyuma wamesema watachimba mashimo bure, siku ya Jumamosi. Tunachokosa ni mtu mwenye mamlaka wa kuja kusema hapa ndipo, akasaini, na wazee wakashuhudia.

Muhogo wa nyuma ya misheni ulipandwa mwaka jana, unavunwa mwezi wa kumi na mbili. Mwenye shamba ni mzee mmoja ninayemheshimu sana, ameniambia mwenyewe kwamba watoto wake wameshakubaliana na broka na wanaanza kukata viwanja Januari. Nilimuuliza mzee, je mji wakija kabla kuomba barabara ipite, utasemaje? Akafikiri kidogo, akasema, "Hakuna aliyewahi kuniomba." Ameniruhusu niandike hilo. Nyumba yake iko upande wa kulia ukishapita kanisa, yuko hapo kila siku jioni chini ya mwembe, na atawapa kiti.

Wenu katika kujenga mji huu,
mwenye duka la hadiwea, stendi ya zamani.